Shikamoo ya mzee kwa kijana wa ofisini

Mhariri,

Naomba nafasi niseme hili maana limenikaa rohoni wiki nzima. Jumatatu nilikuwa kwenye ofisi moja hapa Tabora mjini, tumekaa kwenye benchi tunasubiri zamu, mbele yangu kuna mzee wa miaka kama sabini hivi, katokea Uyui huko, karatasi zake za kiwanja kazifunga kwenye mfuko wa rambo, akaitwa, akavua kofia mlangoni akainama akamwambia kijana wa mezani "shikamoo bosi". Kijana ana umri wa mjukuu wake. Akajibu "marahaba", macho yako kwenye simu.

Marahaba! Jamani.

Mimi shikamoo yenyewe sina ugomvi nayo, nimelelewa nayo na wanangu nawafundisha, kwa sababu umri ni ngazi ambayo ukijaliwa uhai lazima utaipanda tu, leo unaamkia kesho unaamkiwa, uwe masikini uwe tajiri. Ngazi hii ya meza mzee yule hata aishi miaka mia haifikii. Kuna mwanafalsafa mmoja wa Ulaya, Rousseau, aliandika mwaka 1755 kwamba tofauti kati ya watu ziko za aina mbili, kuna za maumbile kama umri, afya na nguvu, na kuna zile tulizozikubali wenyewe, huyu awe tajiri, huyu aheshimiwe, huyu atiiwe. Sasa pale ofisini hizi za kujitungia zimezikalia kichwani zile za Mungu.

Najua mtu atasema kazini lazima awepo mkubwa na mdogo. Sawa kabisa, daktari asipotoa maagizo wodi haiendi. Ila ukubwa wa kazi unaishia kwenye kazi, haumfanyi mtu awe mtu zaidi ya mwenzie. Hapa Unyanyembe, eneo letu hili la Tabora, tulikuwa na watemi, utawala wa machifu ukafutwa 1963, na Katiba yetu ya 1977 ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Tumefuta watemi ili kila meza iwe na mtemi wake?

Mzee aliambiwa arudi wiki ijayo. Kasimama muda wote, akasema asante bosi, kofia kaivaa alipofika nje. Nikaingia mimi, nimechomekea shati, kijana akanyanyuka, "karibu kaka, vuta kiti". Kiti kilikuwepo pale pale toka mwanzo. Na mimi nikakaa, sikusema kitu.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora