Kwa nini tunaanza na kalamu kabla ya kompyuta

Mteja mmoja alituuliza, nusu kwa utani, kama ofisi yetu ya wahandisi wa majengo haina kompyuta. Tulikuwa tumempa karatasi moja tu: mchoro wa jengo lake la orofa 30 na mistari michache ya hesabu. Kompyuta tunazo, ila karatasi ile hutangulia.

Jengo refu likipigwa na upepo ni kama fimbo iliyochomekwa ardhini. Urefu ukiwa mara mbili, na upepo uleule kwa kila mita, momenti ya kwenye msingi, yaani nguvu inayotaka kulipinda jengo, huwa mara 4. Kilele nacho huyumba mara 16, kama ugumu wa jengo haukuongezwa. Kwa hiyo ukisema “tuongeze orofa chache tu”, huenda kuta za lifti, zinazolipa jengo ugumu, zikabidi kunenepeshwa tangu chini.

Fremu ya nguzo na mihimili tunaipima kwa njia ya zamani. Tunachukulia kwamba kila nguzo hupinda kama herufi S, katikati yake hakuna momenti, na nguzo ya ndani hubeba mkato (nguvu inayoisukuma kwa upande) mara mbili ya ile ya ukingoni. Nguzo zikiwa nne kwa mstari, hayo ni mafungu 1 + 2 + 2 + 1, jumla 6. Upepo wa kilonyutoni 600 (kipimo cha nguvu) utazipa za ukingoni 100 kila moja, na za ndani 200. Dakika tano, umemaliza.

Fremu ikishirikiana na kuta za zege, njia hiyo haitoshi: huku chini ukuta huishikilia fremu, kule juu fremu huuzuia ukuta. Kwa hali hiyo Fazlur Khan, mhandisi wa mnara wa Sears wa Chicago, na mwenzake Sbarounis walitoa njia yao mwaka 1964, na bado inafaa. Jengo linalojisokota likipigwa na upepo, hata hivyo, tunaliachia kompyuta.

Faida ya kuanza na kalamu? Tuliwahi kuletewa modeli ya kompyuta ya jengo la mita 100 iliyoonyesha kilele kikiyumba milimita 20. Kalamu yetu ilisema karibu 200, yaani 1/500 ya urefu, kikomo ambacho wahandisi wengi hukitumia. Nukta ya desimali kwenye mzigo wa upepo ilikuwa imehama. Programu haikulalamika, kwa nini ilalamike?

Kwa hatua hii ya kwanza tuletee ramani ya orofa moja ya kawaida, urefu wote, mahali jengo litakapokaa na mahali pa lifti. Rangi ya vioo inaweza kusubiri.