Sakafu ya gari ikioza haibandikwi bati, inakatwa

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua manake safu yenu ya magari ya wiki iliyopita imenikera na nimeshindwa kukaa kimya. Msomaji mwenzangu aliuliza afanyeje na gari yake ya zamani ambayo sakafu imeanza kutoboka kwa kutu, akajibiwa achukue kipande cha bati, akipake gundi, akibandike juu ya tundu, akipige riveti halafu amwage lami juu yake, kazi imeisha. Haijaisha jamani. Mi nilifanya hivyohivyo kwenye Volkswagen Beetle yangu, ile yenye mgongo wa kobe, nikajiona mjanja, na miaka miwili baadaye nikawa naendesha huku kiti kinalalia upande wa mlango kidogokidogo kama mtu anayesinzia.

Siku niliyobandua lile bati ndo nikaelewa. Gundi ilikuwa bado inanata vizuri, riveti zote zipo, ila zilikuwa zimeshikilia hewa. Chuma cha zamani nilikitoa kwa mkono, kinabanduka tabaka kwa tabaka kama kurasa za daftari lililoloa, na katikati ya mabati mawili kulikuwa na maji. Maji kabisa yanang'aa, na mvua haikuwa imenyesha zaidi ya wiki. Manake ukibandika bati juu ya kutu unakuwa umeshona mfuko, unyevu unapenya pembeni halafu hauna pa kutokea, na kahewa kadogo kanakoingia kanatosha kuendeleza uharibifu. Halafu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara kadhaa, kwa hiyo inasukuma yale mabati yaachane. Lami ndo inamalizia, ikikauka inapasuka nyufa nyembamba zisizoonekana, maji yanaingia hayatoki, na wewe unaangalia unaona sakafu nyeusi safi unasema mambo mazuri.

Kwa hiyo naomba niseme alichotakiwa kuambiwa yule msomaji. Asianze na bati, aanze na bisibisi. Atoe viti, atoe kapeti, akwangue ule mpira mweusi wa kuzuia kelele (ni kazi chafu kuliko zote na hakuna njia ya mkato), halafu apite sakafu nzima anachomachoma na bisibisi ya zamani na kugonga na mpini wake. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kama unagonga kadibodi. Kwangu tundu lilikuwa dogo, kidole gumba kinaziba, nikachoma pembeni bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, nikasogea tena ikazama, na nilipomaliza kuzungushia chaki mstari ulikuwa mkubwa kuliko tandiko la kiti. Nilikaa chini nikauangalia ule mstari muda mrefu. Lakini ndo ukweli wa gari, na pa kukata ni pale unapokuta chuma cheupe kinachong'aa, sio pale unapotamani paishie.

Wenye Beetle tuna bahati moja. Zile gari zilitengenezwa tangu 1938 mpaka 2003 na zilizidi milioni 21, kwa hiyo mpaka leo kuna viwanda vinatoa vipande vya sakafu vipya, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, vimeshakunjwa na mifereji yake. Sakafu yake ni mapande mawili yaliyochomelewa kwenye bomba kubwa la katikati, na bodi imekaa juu imefungwa kwa bolti kuzunguka pembeni. Na inapooza sana ni chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, manake ndo betri inapokaa, asidi ikimwagika inakula rangi kwanza halafu chuma. Sasa ambacho fundi asiyeijua hii gari hatakwambia ni kwamba ndani ya lile bomba la katikati inapita paipu ya petroli kutoka tangi lililoko mbele kwenda injini iliyoko nyuma. Yaani unapochomelea ukingo wa sakafu mpya uko jirani kabisa na petroli. Tangi litoke, paipu imwagwe mpaka ikauke, betri itoke, ndo uwashe mashine. Na usikate pande zote mbili kwa mpigo, kata moja, chomelea, ndo uhamie nyingine, vinginevyo lile bomba linabaki linachezacheza na bodi inaweza kukaa upogo. Kwenye gari zisizo na chesisi, ambazo sakafu na bodi ni kitu kimoja, hili ni kubwa zaidi, kabla hujakata chomelea chuma cha kuvuka mlangoni kiushikilie, la sivyo mlango hautafungika tena maisha.

Mashine. Hapa ndo watu wanapotea, maana mtu ana mashine ya vijiti ile ya kuchomelea mageti na madirisha anadhani chuma ni chuma. Sakafu ya gari ni bati la kama milimita 1, kijiti kinalipitia kama kisu, unaziba tundu moja unazalisha matatu. Inayotakiwa ni ile ya waya unaojisukuma wenyewe kwenye tochi (ule mpini wa kuchomelea unaoushika), ya gesi ikiwezekana, waya wa milimita 0.6. Kuna waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi, nao unafanya kazi, ila unatoa moto mkali zaidi na cheche nyingi, na lazima ugeuze nyaya ndani ya mashine tochi iwe hasi, mi sikugeuza nikateseka siku nzima nikidhani mkono wangu ndo mbovu. Yenye gesi nayo haitaki upepo, nilikuwa nimewasha feni kwa ajili ya moshi nikashangaa mshono unatoka na vitundu kama sponji, kumbe feni inapeperusha gesi.

Bati la kuweka lisiwe la kuezekea. Najua liko limelala uani linakuangalia, liache. Ni jembamba mno, na limepakwa zinki, na zinki inachemka kwenye nyuzi 907 wakati chuma kinayeyuka karibu 1,500, maana yake kabla chuma hakijaanza hata kuyeyuka zinki imeshakuwa moshi mweupe unauvuta, jioni unatetemeka homa kama una malaria. Tafuta bati jeusi la kawaida la milimita 1 au 1.2, ukitumia la zinki basi lisage kwanza mpaka zinki yote itoke pale utakapochomelea.

Kuchomelea kwenyewe ni uvumilivu tu. Huvuti mshono mrefu hata siku moja. Unapiga doti hapa, sekunde moja, unaenda upande wa pili unapiga nyingine, unarudi katikati, kila doti na mwenzake kama sentimita 2 au 3, ukiweka kiganja karibu na pakiwa pa moto hapashikiki unaenda kunywa maji. Kisha unajaza nafasi zilizobaki kwa mtindo huohuo. Mi mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikavuta mshono wa urefu wa mkono, mzuri kweli, nikausifia, halafu bati likaanza kupiga kelele tak tak likapinda kama jani kavu na sikuweza kulinyoosha tena, nikakata nikaanza upya. Ukitoboa tundu kwa bahati mbaya weka kipande cha shaba kwa nyuma, chuma hakigandi kwenye shaba, utajaza bila wasiwasi. Mashimo ya bolti za viti na za mikanda ndo pekee nasema usijifunzie hapo, siku ya ajali kile kipande ndo kinamshikilia mtu, mpe anayejua.

Sasa moto. Nilikuwa nimelala chini ya gari, kwenye stendi za chuma za kuegemezea gari sio kwenye jeki (jeki ni ya kuinulia tu, usiingize hata mkono), nachomelea ukingo kwa chini, nanusa kitu kama lami inaungua, nikajua ni ile rangi nyeusi ya upande wa pili, nikaendelea. Haikuwa rangi. Nilikuwa nimetoa viti vya mbele tu, kile cha nyuma niliona uvivu, na kwenye Beetle za zamani viti vimejazwa nyuzi kavu na singa, cheche moja ilipita kwenye tundu ikatulia humo. Haikuwaka, ilikuwa inafuka taratibu kama udi. Nilipotoka kufuta jasho ndo naona moshi umejaa kioo cha nyuma. Nilikuwa na ndoo ya maji mlangoni na mtu wa kuniangalizia ambaye alikuwa ameenda kuongea na simu, ndoo ikaniokoa, mtu hapana. Tangu siku hiyo kila kitu kinachoungua kinatoka ndani ya gari hata kama kiko mbali, na nikimaliza sifungi nikaondoka, nakaa hapohapo saa nzima napanga vifaa huku nanusa.

Na macho. Kofia iwe na kioo cheusi cha namba 10 au 11, na usipige hata doti moja eti umefumba macho tu. Nilipiga kama kumi hivyo. Mchana sikusikia kitu, ile saa nane usiku nikaamka kama mtu kanimwagia mchanga kwenye macho, machozi hayakatiki, siwezi kuangalia hata taa. Miale inachoma uso wa mbele wa jicho kama jua linavyochoma ngozi ila maumivu yanakuja baada ya masaa. Kingine ambacho wengi hawajui, zile dawa za kupuliza za kusafishia breki, zilizo na klorini, zikipigwa na mwanga na joto la kuchomelea zinaweza kutoa fosjini, ile gesi waliyouana nayo kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Safisha bati kwa brashi ya waya, ile dawa usiisogeze hapo.

Baada ya hapo rangi na silanti (dawa ya kuziba maji yasipenye) kwenye maungio pande zote mbili, juu na chini, halafu nta ya kupuliza ndani ya nafasi zilizofichika za bodi, hiyo mwisho kabisa maana inawaka. Sitarefusha.

Ila kitu ambacho safu yenu haikugusa hata kwa neno moja, na kwangu ndo kilinisumbua kuliko kuchomelea kote, ni maji yametoka wapi. Sakafu haiozi yenyewe. Nilishamaliza upande mmoja, umepakwa rangi unapendeza, siku nne baadaye nashika kapeti jipya limeloa. Nikamwomba kijana wangu amwagie gari maji kwa mpira polepole kuanzia chini kwenda juu, mi nimejifungia ndani na tochi, hamna kapeti hamna kiti, nimechuchumaa naangalia. Milango kavu. Alipofika kwenye kioo cha mbele nikaona tone moja linachungulia kwenye kona ya mpira, likatulia, likateleza nyuma ya dashibodi likapotea, na baada ya muda nikalisikia linadondoka karibu na pedali ya klachi, palepale lilipokuwa tundu la kwanza. Mpira ulikuwa umekakamaa kama mfupa. Kumbe miaka yote ile nilikuwa nahangaika na sakafu na mgonjwa yuko juu.

Nikabadilisha mpira, nikazibua na vile vitundu vya kutolea maji chini ya milango ambavyo aliyekuwa nayo kabla yangu alivipaka rangi vikaziba.

Upande wa pili naufungua wiki ijayo, bisibisi imeshaniambia nijiandae. Mhariri, yule msomaji kama bado hajanunua riveti tafadhali chapisheni hii barua mapema.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi, mwenye Beetle nusu.