Barua ya Wazi kwa Mama Wakwe na Mashangazi Wanaotunza Wanawake Waliojifungua

Ndugu zangu wa Chamwino, Bahi na Mpwapwa,

Nawaamkia kwa heshima. Ninawaandikia nikiwa mkunga mstaafu, kwa kuwa katika siku arobaini za uzazi ninyi ndio mnaokaa na mzazi usiku na mchana. Wengi wetu huamini kwamba mtoto akishatoka salama hatari imekwisha, lakini yapo maradhi, mengine ya nadra sana, ambayo huanza wakati huo tunaposhangilia.

Linalonihangaisha zaidi ni kudhoofika kwa moyo, ambako huwapata baadhi ya wanawake kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na mwezi wa tano baada ya kujifungua, hata wale ambao hawakuwahi kuugua moyo. Misuli ya moyo hulegea, damu haisukumwi ipasavyo, na maji hujaa mapafuni na miguuni. Mzazi hukohoa usiku, huhema kwa kutoka chumbani hadi uani tu, na huomba aongezewe mito kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Dalili hizi hufanana na uchovu, upungufu wa damu au homa ya mapafu, kwa hiyo hupewa uji na dawa ya kikohozi huku siku zikipita. Mzazi wa namna hiyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mtaje tarehe aliyojifungua hata kama hamjaulizwa, ili daktari aufikirie moyo na kuagiza kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Wengi hupata nafuu kwa dawa. Hata hivyo, mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa, na katika hilo neno la mama mkwe lina uzito mkubwa nyumbani: nawasihi msimhimize kuzaa tena kabla moyo wake haujapimwa upya.

Kifafa cha mimba nacho huweza kuja baada ya kujifungua, hata wiki kadhaa baadaye. Akilalamika kichwa kuuma sana, kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia, presha ipimwe mara moja. Ikifika 160 kwa 110 au zaidi ni dharura. Akipata degedege, mlazeni ubavu na msimtie chochote mdomoni, kisha awahishwe apate sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege.

Yupo pia mzazi aliyemwaga damu nyingi, kisha maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, na miaka inapita akiwa mchovu, akihisi baridi. Huyo huitwa mvivu, au husemwa karogwa. Daktari Harold Sheehan, akiwa Glasgow huko Uskochi, alieleza mwaka 1937 kwamba tezi iliyo chini ya ubongo huweza kufa kwa kukosa damu wakati wa uzazi. Vidonge vya homoni humrudishia nguvu, ila lazima avitumie maisha yake yote.

Kabla hamjaondoka wodini, ombeni kiasi cha damu iliyopotea na presha ya mwisho viandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, kwa maana daktari atakayempokea baadaye ataanzia hapo.

Wenu,
Mkunga mstaafu, Dodoma