Dagaa kwenye Sanduku la Mwaka Mpya

Nagoya, 3 Januari

Mama, shikamoo. Baba naye mpe shikamoo yangu, na Bibi wa Ujiji mwambie nimeshanunua koti zito, asiwe na wasiwasi.

Juzi mama mwenye nyumba ninayopanga alinikaribisha chakula cha mwaka mpya. Hapa Japani chakula hicho wanakiita osechi. Kinapikwa mapema, kinapangwa kwenye masanduku mazuri yanayopandana, kusudi siku tatu za kwanza za mwaka mpishi apumzike. Alipofunua sanduku la juu, Mama, nikaona dagaa! Dagaa wakavu, wamekaangwa bila mafuta, wakachanganywa na sukari na mchuzi wa soya mpaka wanang'aa. Nilishindwa kusema. Akadhani sijapenda.

Wanawaita tazukuri, yaani mtengeneza shamba la mpunga. Zamani wakulima walitia samaki hao mashambani kama mbolea, kwa hiyo kuwala siku ya mwaka mpya ni kuomba mavuno. Pembeni palikuwa na maharage meusi, hayo ya kuomba afya na nguvu za kazi. Karibu kila kitu sandukuni kina dua yake.

Nikawaza kwetu Katubuka, hapo Kigoma. Unakumbuka sikukuu ile ulipopika dagaa kwa mawese, wageni wa Baba wakapiga hodi, ukaniambia kwa kunong'ona niirudishe bakuli jikoni? Tukawapa wali kuku. Dagaa tukawala usiku, sisi wenyewe, kwa ugali wa muhogo, na walikuwa watamu kuliko chochote cha mchana ule. Lakini ni dagaa hao hao uliowafuata mwaloni Kibirizi alfajiri, ukawaanika, ukawafukuzia kunguru, ukawapakia magunia kwenye treni. Madaftari yangu, sare zangu, nauli ya kwenda shule, vyote vilitoka humo. Inaniuma kwamba tuliwaficha.

Kitu kingine cha kukufurahisha: wana kinu! Kabla ya mwaka kuisha walitwanga mchele wa kunata uliopikwa kwa mvuke, wanatengeneza mochi. Mchi wao una mpini kama nyundo, na mtu mwingine anageuza donge kwa mkono uliolowa kati ya pigo na pigo. Niliomba nitwange. Walishangaa ninavyojua kufuata mapigo, nikawaambia nimefundishwa na bibi yangu.

Usiku wa mkesha tulikula tambi ndefu, kisha kengele ya hekalu ikagongwa mara 108. Ilipofika saa sita usiku hapa, kwenu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, jua bado liko juu ya milima ya Kongo. Nilisimama kwenye baridi nikiliona Ziwa Tanganyika kama niko Kibirizi.

Mama, mkija kupata wageni tena, hao dagaa wawekeni mezani, katikati, kabla ya kuku.

Jumapili nitapiga saa nane mchana ya huko, msiende mbali. Mama mwenye nyumba aliniuliza, dagaa wa kwenu wanaombea nini? Nikamwambia ngoja nimuulize mama yangu.

Mwanao.