Mkifika Fungu Kizimkazi, msishuke

Mhariri,

Juzi pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, nilimsikia kijana mwenye boti akiwatajia wateja bei ya kwenda Fungu Kizimkazi: alfajiri kuvua jodari, kisha kushuka mwambani kupiga picha na ndege. Hilo la kushuka ndilo lililonifanya niombe nafasi gazetini mwako.

Kwa wasiolijua, fungu hilo liko zaidi ya kilomita 60 mashariki ya Dar es Salaam, na kwenye ramani nyingi limeandikwa Latham. Ni jiwe la matumbawe, tambarare, urefu kama mita 300, halina mti wala maji ya kunywa. Ndege wanataga hapo hapo chini. Wako shakwe wenye mgongo mweusi, yai lao ni moja tu. Wako na wale wakubwa weupe, uso mweusi kama wamevaa kinyago. Hutaga mawili, lakini kinda anayekua huwa mmoja.

Mayai hayo nimeyala, sijifanyi mtakatifu. Mwaka 1987, nikiwa baharia mdogo kwenye mashua ya mjomba, tulishuka na ndoo mbili. Siku ya kwanza tulivunja kila yai tuliloliona upande mmoja wa fungu, ili yatakayokutwa kesho yake tujue ni mabichi. Mjomba ndiye aliyetufundisha, Mungu amrehemu. Yananuka samaki, hata pilipili haisaidii.

Kijana atasema wateja wake hawaokoti mayai. Sawa. Lakini jua la saa sita juu ya jiwe lile! Saa hizo ndege halalii yai kulipa joto, analikinga kwa kivuli chake. Mfukuzeni nusu saa mkipiga picha, yai limeiva.

Na ndege hao ndio waliotulisha. Kabla ya jipiesi, tukiwaona wamejikusanya wakijirusha majini, tulijua jodari wako chini wanawapandisha dagaa, tunageuza tanga. Hata nahodha wa boti za mashine leo hutazama juu kwanza.

Naziomba BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, za huku Feri na Kigamboni, na wenzetu wa Unguja wanaovua kule, wakubaliane jambo moja: boti ibaki majini, anayetaka kuona ndege abebe darubini.

Yule kijana nilimwambia. Alicheka, akaniuliza kama nataka kwenda, eti wazee anawapunguzia bei.

Mvuvi mstaafu,
Mjimwema, Kigamboni