Dada, yule Bilkis wa Mama

Dada yangu,

Simu zangu unaziona na unaziacha ziite. Basi nakuandikia hapa, shangazi zetu wote wasome, wakufikishie kabla ya magharibi.

Ulilolisema siku ya hitima mbele ya jamaa, kwamba mimi nilimwacha Mama adanganywe, limenikaa kooni.

Safari ile ya Salalah, Oman, ulitukatia tiketi wewe, Mungu akulipe. Muscat ilikuwa inaungua, na kule Dhofar, mkoa wa Salalah, ni khareef, msimu wa mvua: ukungu, manyunyu, vilima kijani, familia za Ghuba nzima zimetandika majamvi kama siku ya Idi. Mama hakushangazwa na majani, Unguja yapo. Alitaka Sumhuram tu, yale magofu ya kale, maana dereva alikwisha kumwambia tangu njiani: "Kasri la Malkia Bilkis."

Unakumbuka alivyokuwa akitusimulia, ubani unafuka chetezoni? Hudhud anamletea Nabii Suleiman habari za mwanamke anayetawala nchi ya Saba. Kiti chake cha enzi kinaletwa kabla mtu hajapepesa jicho. Kisha ile sakafu ya vioo, Bilkis anadhani ni maji, anapandisha nguo. Hapo Mama naye alipandisha kanga, na sisi hoi kwa kicheko, kila usiku.

Pale langoni mawe yalikuwa yamelowa, yanang'aa. Akapandisha buibui mpaka juu ya vifundo, akakanyaga kwa ncha za vidole, akatugeukia anacheka. Miaka 73, Dada! Bibi mmoja wa Kizungu akacheka naye bila kujua kinachochekwa.

Nawe umesimama kwenye ubao wa maelezo. "Mama, uongo huo. Hii bandari ya ubani, ilijengwa kwa amri ya mfalme wa Hadhramaut, karne ya 3 kabla ya Nabii Issa. Bilkis keshakufa miaka kama 700." Kweli tupu, sikatai, hata maandishi ya langoni yanataja mfalme wa Hadhramaut. Pindo likamponyoka, likaburura topeni. "Basi la Bilkis liko wapi?" akauliza. Wewe ushateremka kwenda kupiga picha ngamia kando ya khor, ile ghuba ndogo.

Ningemjibu mimi. Ningemwambia Marib, Yemen, kuna magofu ya hekalu wanaloliita Mahram Bilqis, ila nani atampeleka mamake kwenye vita? Ningemwambia Wahabeshi wanamwita Makeda, na Aksum wanaonyesha kasri lake, nalo wachimbaji wamelikuta ni la karne nyingi baada yake. Nilikuwa nayajua yote hayo. Nikanyamaza.

Punguza kusahihisha watu, Dada. Chuoni ulinisahihisha mbele ya wenzangu mpaka nikakimbia juzuu. Watoto wako wanakua, watakuogopa. Unaniita mnafiki, lakini mimi natembeza wageni Mji Mkongwe mwaka wa 16 huu. Kila siku naulizwa kama ile misumari ya shaba milangoni ni ya kuzuia tembo. Tembo, Unguja! Nawaambia asili yake Bara Hindi, huko tembo wa vita walikuwepo, kisha naishia hapo. Mgeni anafurahi, mwanangu anakwenda skuli. Yule dereva naye ana watoto wake. Nani atapanda gari, jua lote lile au mvua, kwenda kuangalia ghala la ubani? Watu wanamfuata mwanamke. Mimi sikumwambia Mama neno hata moja la uongo.

Usiku ule hotelini, taa imeshazimwa, aliniuliza tena: "Mwanangu, la Bilkis liko wapi?" Nikajifanya nimelala.

Hilo hulijui, na sikupanga kuliandika hapa.

Ule ubani aliouchagua mwenyewe soko la Haffa, akinusa punje moja moja, umebaki kwako, kabati la jikoni, kwenye kopo la maziwa. Arubaini ni Alhamisi. Mpe mtu yeyote anayepanda ndege, aniletee. Na lile buibui, kama bado hujalifua, usilifue.

Mdogo wako.