Barua ya wazi kwa kina mama wa mwani wanaojifunza unahodha

Kwenu kina mama wa vikundi vya mwani, Paje, Bwejuu na Jambiani, na nyinyi wa Pemba.

Asalaam aleykum wanangu.

Kilimo hiki kilipoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wanaume nao waliingia. Bei ilipowachosha, wengi wakarudi kwenye madema na nyavu, nyinyi mkabaki. Sasa maji ya ufukweni yamepata joto, kotoni, ile aina ya mwani yenye bei nzuri, inapauka na kukatika, na panapoifaa ni kinani, msikofika kwa miguu. Ndiyo maana mnahitaji boti. Lakini boti ya kikundi inayoendeshwa na kijana wa kukodi ni yake zaidi kuliko yenu. Siku akienda arusini, mavuno yanangoja. Shikeni usukani wenyewe.

Kwanza jifunzeni kuelea chali, tena na nguo mnazoendea kazini, maana maji hayatakungojeni mbadili. Jaketi la kuokolea livaliwe na kufungwa, lisifanywe mto wa kukalia. Kanga na mtandio vichomekwe vizuri kabla ya kuvuta kamba ya kuwashia. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine ifungwe mkononi mwa nahodha: akianguka, mashine inazimika badala ya kumzungukia na panga zake.

Mashine nyingi za stroku mbili huchanganywa hamsini kwa moja, yaani lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, ila fuateni kitabu cha mashine yenu. Oili ikipungua pistoni inakwama, na hiyo ni hasara kubwa. Ikizidi, plagi inachafuka na moshi unakuwa mwingi. Tieni oili kwenye petroli kidogo, tikiseni, kisha jazeni. Ya stroku nne haichanganywi kabisa.

Ikishawaka, tazameni nyuma: lazima maji ya kupoozea mashine yatoke kama mkojo wa mtoto. Yasipotoka, zimeni papo hapo. Huenda mchanga au jani la mwani limeziba tundu la kunyonyea, au mpira wa pampu umekwisha. Na ikiwaka vizuri kisha ikafa baada ya dakika chache, msikimbilie kufungua plagi kama wafanyavyo mafundi wa maneno. Angalieni kwanza skrubu ya hewa kwenye kifuniko cha tangi. Mara nyingi imesahauliwa kufunguliwa.

Suala la maji kupwa na kujaa mnalijua kuliko wengi, ila mligeuze. Shamba la miguuni lilikufundisheni kungoja bamvua, siku za maji kupwa na kujaa sana, maji yatoke mpate kutembea. Shamba la kina linataka kinyume chake. Siku za bamvua maji hutoka karibu saa nne asubuhi, na boti itakwama mbali na ufuko, mkokote magunia kwenye miamba. Zaidi ya hayo, mkondo unakuwa mkali. Siku za maji mafu, yasiyopwa wala kujaa sana, ndizo za kufunga mbegu na kuvuna. Bamvua ikiwalazimu, tokeni maji yangali juu, rudini yakijaa.

Mkifika shambani, zimeni mashine kabla ya kamba ya kwanza, iinueni, malizieni kwa kafi mkielekea upepo unakotoka. Kamba ikijizungusha kwenye propela mtaharibu shamba na mashine kwa pamoja.

Mzigo nao una hila. Mwani mbichi ni mzito mara saba au zaidi ya mkavu, na unaendelea kuchuruzika ndani ya boti. Pakieni katikati, chini, acheni shubiri mbili kati ya maji na ukingo. Gunia la ziada lina safari yake. Mmoja awe kazi yake kufua maji tu, kuyatoa botini.

Wafunzeni wawili au watatu, si mmoja, kwani kuna kujifungua na kuna kuuguza. Jioni suuzeni mashine kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, na petroli iandikwe daftarini na huyo huyo aliyeendesha.

Wasalaam,
Mzee wenu